Folda ya Chuo

Gatwekera stima ikirudi usiku huulizi ilikuwa wapi, unachomeka tu. Ilirudi saa tano. Betri ya laptopu yangu ilishakufa, ukichomoa waya inazima hapo hapo, kwa hivyo kila kazi kubwa naifanya jicho moja likiwa kwa balbu.

Kwa flashi nilikuwa na Linux Mint, niliyopakua kwa saiba moja pale Olympic. Windows ilikuwa imenishinda. RAM ni GB 4, na mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno hawezi kungoja dakika kumi ndio ukurasa ufunguke. Sasa swali likatokea kwa skrini: niweke Linux kando ya Windows, ama nifute diski yote?

Kando, nikasema. Diski ni ya GB 320, nafasi iko. Nikavuta ule mstari wa katikati, 160 huku, 160 kule. Kisha nikasita. Kupunguza Windows maana yake data ihamishwe kutoka upande mmoja wa diski hadi mwingine, na hiyo inaweza kuchukua muda mrefu. Stima ikipotea katikati, unaweza kukosa zote mbili. Kufuta ni sekunde chache.

Na Windows nilikuwa naiwekea nini, kwani? Ukweli, folda moja: "Chuo". Niliacha nikiwa mwaka wa tatu, karo haijaisha, na kila mtu nimemwambia nimesimamisha masomo kidogo. Kidogo hiyo ni miaka miwili sasa.

Nikawasha Windows mara ya mwisho, nikanakili folda kwa memori kadi ya simu. Nilidhani ni kubwa. GB 6, nyingi zikiwa notisi za watu wengine. Utafiti wangu mwenyewe ulikuwa kurasa kumi na nne.

Basi nikafuta. GB 50 za mfumo, 4 za swap, zilizobaki zote nikazipa /home, kivyake, ndio siku nikilazimika kuweka Linux upya faili zangu zisiguswe. Kuna wanaosema kutenga /home ni mambo ya kizamani. Mimi najijua, nitaiharibu kabla mwezi uishe.

"Bado uko na hiyo mashine?" Mama akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Namaliza, mama."

"Na vitu vyako vya chuo?"

"Nimeweka kwa simu."

Akanyamaza. Baadaye kidogo nikasikia akijigeuza, kitanda kikalia. Balbu ilikuwa bado inawaka. Kwa skrini, asilimia 71.