Kaa Aliyejivua Gamba

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kaa wa mikokoni, mwororo kama unga uliokandwa. Akasema, "Mwalimu, huyu ni mgonjwa, tumtupe." Nikamjibu, "La, mwanangu, huyu anakua."

Maana gamba la kaa halikui. Hufanya jipya chini ya lile kuukuu, kisha hulivua kuukuu, hunywa maji na kuvimba, na lile jipya hutanuka likingali laini. Gamba hilo ni nyuzi za kitini zilizoshikana na protini. Baadhi ya protini hufungamana na kukaza; nyingine huiongoza chokaa mahali pake, na nyingine huizuia isigande kabla ya wakati. Penye viungo chokaa haiingii, ndiyo sababu miguu hukunjika.

Siku zile kaa hujificha, kwani hana silaha. Lakini kama chokaa ingewahi, asingekua kamwe.

Hapo nikanyamaza, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nimemwita mtoto mmoja mjinga mbele ya wenzake, kwa sababu alisoma akitetemeka. Kesho yake nikamwomba radhi. Ndugu zangu, tusimdharau aliye mwororo leo. Huenda Mungu yu katika kumkuza.