Vijiko vya Koko wa Terrat

Mama mwenzangu, je, nyumbani kwako kuna chombo cha zamani ulichokifungia sandukuni kwa sababu kimekuwa cheusi? Usikitupe wala kukiuza kabla hujasoma haya.

Jumamosi moja ya kiangazi, sisi kina mama watatu wa kanisani tulikwenda Terrat kuwatembelea wazee. Terrat ni kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha. Ukishaipita Muriet, nyumba zinaanza kuachana, unakutana na ng'ombe, mbuzi na mashamba ya mahindi. Vumbi likitulia, geuka nyuma: Mlima Meru umesimama wote mbele ya macho yako, zaidi ya mita 4,500. Sisi tunaokaa mjini chini yake huusahau.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mjane mwenye kidonda mguuni. "Shikamoo, Koko," tulimwamkia. "Marahaba, wanangu." Nilipomaliza kufunga kidonda, alimtuma mjukuu alete sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na vijiko sita vyeusi kama masizi, vimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Nesi, wewe umesoma," akasema. "Hivi ni fedha kweli? Yule mnunuzi wa vyuma chakavu ananipa elfu tatu kwa vyote. Mwanangu anasema niuze. Mimi nilitaka niezeke jiko langu kwa bati."

Marehemu mumewe alikuwa mpishi katika shamba la kahawa, na wenye shamba walipoondoka walimwachia vijiko hivyo. Haikunishangaza. Wajerumani walijenga Boma la Arusha mwaka 1900, na majeshi ya Waingereza yaliuteka mji mwaka 1916. Miongoni mwa walowezi waliolima kuuzunguka mlima walikuwamo Waingereza, Wagiriki na Makaburu. Watu waliondoka, vyombo vingine vikabaki.

Mimi husaidia kutunza vyombo vya Meza ya Bwana, ndipo nilipojifunza kusoma alama za fedha. Niliosha vijiko kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikavigeuza na kutazama nyuma ya mpini. Fedha ya Kijerumani ya tangu mwaka 1888 huwa na mwezi mwandamo, taji na namba, mara nyingi 800, maana yake sehemu 800 kati ya 1,000 ni fedha. Ya Kiingereza huwa na simba anayetembea, na kiwango chake ni 925. Ukiona herufi EPNS, hiyo ni fedha iliyopakwa juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Usidanganywe na jaribio la sumaku, kwani sumaku haivuti fedha, na kwa kawaida haivuti mchanganyiko huo pia.

Viwili vilikuwa na mwezi na taji. Vinne viliandikwa EPNS.

Kazi ya uuguzi imenifundisha kutoficha habari isiyopendeza. "Koko," nilimwambia, "vinne ni vya kupakwa, bei yake ni ndogo. Viwili ni fedha, lakini havitoshi kuezeka jiko. Ukitaka kuviuza, mwanao avipeleke kwa sonara, vipimwe kwenye mizani mbele ya macho yake." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuone sura yake."

Tulifanya hivi. Weka karatasi ya aluminiamu ndani ya beseni, panga vijiko viiguse, tia vijiko viwili vya chakula vya bikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, kisha mimina lita moja ya maji ya moto sana. Utasikia harufu ya yai bovu: ule weusi ni salfa iliyoshikana na fedha, na sasa inaiachia. Baada ya dakika chache suuza na ukaushe kwa kitambaa laini. Chenye mpini wa mfupa au mti usikitumbukize. Usisugue kwa mchanga, majivu, waya wa chuma wala dawa ya meno, maana kila msuguo unaondoka na fedha kidogo. Usifunge kwa mpira kamwe, kwani mpira una salfa. Vijiko vya Koko vilitakata, lakini pale ukanda ulipokaa mstari mweusi ulibaki. Na kijiko kilicholia yai kioshwe mara moja.

Mwanawe alivitazama, hakusema tena habari ya kuuza. Jiko bado ni la nyasi, na kikundi chetu kimeanza kuchangia bati.

Kabla hatujaondoka, Koko aliagiza uji. "Mume wangu alivisugua miaka mingi watu wengine wakalia," akasema, akitugawia kimoja kimoja. "Leo tulie sisi."