Habari Ghafi za Mtikisiko

Habari iliyopita katika vinywa vya wengi hufika ikiwa laini, lakini aghalabu hufika pungufu. Kanuni hii haiwahusu wanadamu peke yao. Yavihusu na vyombo vyao vya kupimia.

Mbalizi, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, magharibi ya Mbeya, umekaa katika nchi isiyotulia, kwani Bonde la Ufa hupita pande hizo kati ya Rukwa na Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, moja katika makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20. Siku hizo kipimo cha mtikisiko kilikuwa chombo kizito cha nchi za mbali. Leo kimo katika simu ya mchuuzi sokoni.

Ndani ya kihisi mwendo, kilicho kidogo kuliko ukucha, mna uzani mwembamba ulioshikwa na kamani za silikoni. Simu ikisukumwa, uzani hubaki nyuma kidogo. Umeme uliohifadhiwa kati ya visahani vyake hubadilika, na badiliko hilo huandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo, kabla hazijalainishwa, ndizo data ghafi.

Kuzipata si kazi nyepesi. Kihisi cha bei nafuu kiitwacho MPU-6050 ni mfano mwema. Kichujio chake kikali kabisa hufifisha mitikisiko izidiyo mara 5 kwa sekunde. Hilo halimdhuru atakaye kujua chombo kimeinama upande gani. Lakini humnyima mtafiti wa matetemeko mpigo wa kwanza, ambao aghalabu ni wa haraka. Akilegeza kichujio na kuagiza vipimo 1,000 kwa sekunde, kila kimoja baiti 12, ghala ya ndani yenye baiti 1,024 hujaa kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kwisha. Akichelewa kuchota, vipya hufuta vya kale. Na pengo lisiloandikwa ni uongo wenye sura ya kweli. Shurti achote kwa mafungu mapema, na kila fungu alitie saa yake.

Je, kasi nyingi ni wema daima? Hasha. Kanuni yataka vipimo vizidi maradufu ya mitikisiko inayotafutwa. Tetemeko hutosheka na 100 au 200 kwa sekunde. Beringi ya mashine ya kusaga yaweza kudai maelfu. Kasi ipitayo haja ina madhara yake: mwaka 2014 watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba kihisi mzunguko cha simu chaweza kunasa maneno ya msemaji. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, programu iliyoundwa kwa mfumo huo haipewi zaidi ya vipimo 200 kwa sekunde isipotangaza haja yake.

Basi ukweli hautaki pupa wala ulegevu. Wataka msikilizaji ajuaye alitafutalo, naye awe macho. Maana ardhi ikinena chini ya nyumba za Mbalizi, hairudii neno lake kwa ajili ya aliyesinzia.