Nimesoma sosholojia kwa ufuta wa mjomba

Ukimwambia mtu wa Dar umesomea sosholojia, kwanza ananyamaza. Halafu anakuuliza, "Sasa hiyo unafanyia kazi wapi?" Swali hilo nimeulizwa kwenye daladala, saluni, hata msibani. Zamani nilikuwa najibu kwa hasira. Siku hizi nacheka tu, maana swali gumu kuliko hilo niliulizwa Ruangwa, na aliyeniuliza hakufika hata kidato cha nne.

Mimi ni mtoto wa Nachingwea, mama yangu anauza vitenge pale sokoni. Baba alijiondokea zamani, hayo tuyaache. Chuo nilianza mwaka 2018, mwaka ule serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Mkopo wa masomo nilipata nusu. Nusu iliyobaki aliitoa mjomba, kaka yake mama, mkulima wa Ruangwa. Yeye hakungoja korosho. Aliuza ufuta wote wa mwaka ule, akanipa pesa ndani ya mfuko wa rambo, akasema, "Kasome mpwa wangu. Ukirudi uje utuandikie barua."

Nilimaliza 2021, shahada mkononi. Mwaka uliofuata zikatangazwa nafasi za Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la Pili. Kazi ya serikali siku hizi hupeleki bahasha kwa karani. Unaomba kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, jina likitoka unaitwa kwenye mtihani wa mchujo, ukivuka huo ndiyo unaonana na jopo la mahojiano. Mimi niliitwa Dodoma. Marafiki zangu wa Dar wakanicheka kwelikweli. "Wewe unahangaika na madaftari ya nini? Si unatoka kwa Majaliwa!" Ni kweli Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu wa nchi wakati huo, lakini jamani, kutoka mkoa mmoja na mtu siyo undugu. Hata salamu yangu haijui.

Basi nikajifungia chumbani kwa mama, Nachingwea, nikaanza kukariri. Auguste Comte ndiye aliyelipa somo jina, mwaka 1838. Durkheim, 1893: jamii za zamani zilishikamana kwa kufanana, za sasa zinashikamana kwa kutegemeana. Weber: ofisi ya kisasa humpokea mtu kwa sifa zake, si kwa ukoo wake. Mama akipita mlangoni ananisikia naongea peke yangu, anatikisa kichwa. Nikakariri na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Nne, nne, mbili! Nikaikamata kama kikosi cha Namungo.

Nauli ya Dodoma ikawa haipo. Nikapanda gari kwenda Ruangwa kwa mjomba.

Stendi nilipokewa na binamu yangu, mtoto wa kiume wa mjomba, yuko na bodaboda. Njiani akaniuliza huo mtihani unahusu nini. Na mimi msomi nikaona nimpe shule kidogo, nikamwagia nne, nne, mbili yote, na vumbi linaingia mdomoni. Akapunguza mwendo.

"Dada, hiyo nne ya vijana, sisi wa kijiweni tunaipataje? Tunaanzia kwa nani?"

Nikamwambia lazima muwe kikundi kilichosajiliwa.

"Tunasajilije?"

Muwe na katiba.

"Katiba inaandikwaje?"

Loo! Nikajifanya sijasikia kwa upepo.

Nyumbani mke wa mjomba akatuwekea ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Mama huyu hajawahi kunitamkia neno baya. Lakini siku ile mjomba alipoingia ndani na kutoka na noti za nauli, yule mama aliangalia kwanza noti, halafu akamwangalia mwanawe, halafu akaanza kukusanya vyombo wakati hatujamaliza kula.

Usiku nikafungua daftari kuwahi kukariri. Nikakutana na mstari wangu mwenyewe, mwandiko wa chuoni: katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, mfano Wamwera, mjomba huwajibika kwa watoto wa dada yake. Mstari huo niliujua siku nyingi, niliutunza kwa ajili ya maksi mbili. Sasa nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Mwaka 2018, ufuta ulipouzwa, binamu yangu alikuwa kidato cha tatu. Ndio mwaka alioacha shule. Siku zote niliambiwa "alikuwa hapendi kusoma", na mimi niliona raha kuamini hivyo.

Sikulala. Na sikumwambia mtu.

Dodoma nikapata 46. Waliotakiwa ni kuanzia 50. Wee acha tu, safari ya kurudi kutoka Dodoma hadi Nachingwea ukiwa umefeli ni ndefu kuliko ile ya kwenda.

Nilikaa wiki mbili sitoki nje. Kisha nikarudi Ruangwa, safari hii bila kuomba nauli. Nikakaa kijiweni na binamu na wenzake wa bodaboda, tukaandika katiba ya kikundi. Msidhani ni mchezo. Siku nzima walibishana juu ya nani ashike pesa, maana kuna aliyewahi kula michango ya msiba. Durkheim sijui angesema nini. Tulipeleka maombi, tukaambiwa turekebishe, tukarekebisha, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo ile nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Nguvu zikatuishia.

Mwishoni mwa mwaka ule nikaitwa tena Dodoma. Mchujo nikapata 61. Kwenye mahojiano wakaniuliza kwa nini miradi ya maendeleo hufa. Zamani ningetaja mwandishi wa Ulaya. Safari hii nikawapa ya Nachingwea: Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 wakaufuta mradi. Reli yenyewe ilikuja kung'olewa miaka ya 1960. Bibi yangu alikuwa akisema wangeuliza wenyeji, wangeambiwa mvua ya kule ikoje. Mmoja wa wale wazee wa jopo aliweka kalamu chini akanisikiliza.

Nilifaulu, ila nafasi zilijaa kabla ya kunifikia, jina likawekwa kwenye kanzidata kusubiri. Nimeshaomba tena na tena. Kwa sasa niko Mbagala, nina kibanda cha miamala ya simu, na madaftari yako chini ya meza.

Mikopo ya halmashauri ilirejeshwa mwaka 2024. Jumapili iliyopita binamu kanipigia, nyuma nasikia pikipiki zinaunguruma.

"Dada, wamesema kifungu cha saba tukibadilishe. Kile cha mweka hazina."

Nikamuuliza mjomba hajambo. Akasema hajambo, yuko shambani, ufuta wa mwaka huu si haba. Akanyamaza kidogo.

"Sasa kifungu chenyewe, unaniandikia lini?"

Nikamwambia asikate simu. Nikavuta daftari, nikatafuta ukurasa mtupu.