Godavari: Jina na Wajibu Wake



Mtoto anapoletwa kubatizwa, wazazi huulizwa kwanza jina walilompa. Jibu lao ni fupi, lakini mtoto atalibeba maisha yake yote. Juma hili tunawaalika kutafakari uzito wa jina, na tumechagua jina moja la mbali: Godavari.

Godavari ni mto wa India. Chanzo chake kipo Trimbak, karibu na mji wa Nashik katika jimbo la Maharashtra, mahali pasipo mbali na Bahari ya Arabu. Hata hivyo, mto huu huipa kisogo bahari hiyo jirani, huelekea mashariki kwa kilometa 1,465 hivi, na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Bengal. Wahindu huuheshimu kama mto mtakatifu, na wengi huuita Ganga ya Kusini. Kwa sababu hiyo wapo wazazi ambao huwapa binti zao jina hilo. Hata filamu ya Kitelugu iliyoongozwa na Sekhar Kammula na kutolewa mwaka 2006, ambayo kisa chake huenda na boti juu ya mto huo, inaitwa Godavari.

Kati ya wanawake walioitwa hivyo, tumtaje Bibi Godavari Parulekar, aliyezaliwa mwaka 1907. Alikuwa msomi wa sheria, naye angeweza kuishi kwa raha mjini. Badala yake alikwenda kwa Wawarli, wenyeji wa misitu ya wilaya ya Thane, ambao walifanyishwa kazi bila ujira na wenye mashamba. Kijana wa Kiwarli aliyekopa fedha za harusi aligeuka kuwa mtumwa wa mkopeshaji, na mkewe pamoja naye. Mwaka 1945 Wawarli walisimama pamoja na kuikataa kazi hiyo. Polisi waliwafyatulia risasi na baadhi yao wakafa, lakini hawakurudi nyuma. Bibi Godavari aliyaandika hayo katika kitabu cha Kimarathi, nacho kilimpatia tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1972. Alikuwa mkomunisti, na kwa mengi tusingekubaliana naye. Lakini minyororo aliyosaidia kuifungua ilikuwa minyororo kweli.

Jina hilohilo lilipewa manowari ya India iliyoanza kazi mwaka 1983. Hatuisifu kwa mizinga yake. Mwezi Novemba 1988, mamluki walioshindwa kuipindua serikali ya Maldivi walitoroka kwa meli wakiwa na mateka. Godavari, pamoja na meli mwenzake Betwa, nayo yenye jina la mto, iliwafuatia na kuwakamata. Si mateka wote waliopona, lakini waliobaki walirudi kwao. Manowari hiyo ilistaafishwa mwaka 2015.

Mto wenyewe nao umeshuhudia kufunguliwa kwa wafungwa, na hapo habari hii inafika nyumbani kwetu. Godavari hupita mjini Nashik. Huko, katika miaka ya 1860, wamisionari Waanglikana waliwatunza na kuwasomesha watoto wa Kiafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Myao, aliyekuwa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani. Alifika nao London mwaka 1874, na mwaka 1892 akafariki Urambo, katika Tanzania ya leo. Alipata uhuru na elimu. Lakini sisi tunamjua kwa jina la Kiingereza tu. Lile aliloitwa na mama yake halikuandikwa katika jina hilo. Aliyemtia utumwani alimnyang'anya pia nafasi ya kuitwa kama alivyoitwa kwao.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kwa hakika, jina haling'ari lenyewe. Hung'arishwa na matendo ya anayelibeba. Mtu aweza kuitwa Yosefu, jina la msimamizi wa wafanyakazi, naye akakaa na mshahara wa msichana wake wa kazi miezi mitatu. Na msichana huyo, katika nyumba nyingi, huitwa "dada" tu. Watoto wa nyumba hawajui jina lake, wala kijiji alikotoka, na pengine hata mwenye nyumba amelisahau.

Basi juma hili tusiulize tu maana ya majina yetu. Tumwulize anayetupikia na kutufulia anaitwa nani, na tangu hapo tumwite kwa jina lake. Kisha, kama tunadaiwa naye, tumlipe kabla ya Dominika.