Aliyegusa Guava Ni Mimi

Guava, ile maktaba ya Java, iliyobadilika kwenye klasta yetu ya Hadoop niliibadilisha mimi. Waliokesha wakihangaika kujua kazi zao zinafeli kwa nini, wajue hivyo.

Programu yangu ya Java ilikuwa inakwenda vizuri kwenye kompyuta yangu. Nikiituma kwenye Hadoop, inapokelewa, inagawanywa, halafu nodi zinarudisha ClassNotFoundException. Ilihitaji Guava mpya, na njia ya JAR yake nilishaiweka kwenye HADOOP_CLASSPATH, nikadhani yameisha. Kumbe hiyo inaifaa mashine inayotuma kazi tu. Mapper inaendeshwa na JVM nyingine, kwenye seva nyingine, na huko faili langu halikuwepo.

Nikajaribu -libjars. Kosa lilelile. Na hapo Hadoop ilishaniambia, mistari ya mwanzomwanzo ya logi: chaguo ulizoandika kwenye amri hazikusomwa, tekeleza Tool na uendeshe programu yako kupitia ToolRunner. Lakini lile ni onyo, halisimamishi kazi, na mimi maonyo sikuwa na mazoea ya kuyasoma.

Nywila ya msimamizi nilikuwa nayo (nani alinipa, tuyaache). Nikaingia nodi moja baada ya nyingine, nikafuta Guava 11.0.2 iliyokuja na Hadoop 2 yenyewe, nikaweka mpya niliyoitaka. Yangu ikapita, kwa sababu ilikuwa inasoma hifadhidata. Za wenzangu zilisoma mafaili, na FileInputFormat ya wakati ule ilipima muda kwa Stopwatch ya Guava. Kuanzia toleo la 17 la Guava, msimbo wa nje hauruhusiwi tena kuunda Stopwatch kwa new. Matokeo yake IllegalAccessError, kabla hata kazi haijagawanywa.

Mwenzetu mmoja akauliza kwenye kundi kama kuna aliyegusa kitu. Nikamjibu, "Labda ni toleo la Java, kaka." Nilikuwa najua si hilo. Akaanza kushusha toleo la Java seva hadi seva, na mimi nyuma yake nikirudisha 11.0.2 kimyakimya. Kazi zikapona, akaamini tiba ni yake.

Yangu niliitengeneza baadaye kwa ToolRunner, mistari michache tu, na Maven Shade ikanibadilishia majina ya pakiti za Guava ndani ya JAR yangu zisigongane na za Hadoop.

Mwongozo wa ofisi bado unamtaka mgeni ashushe Java kabla ya kutuma kazi. Mstari huo ufutwe.