Jeshi la Udongo Lapanda Chetambe

Chakol na Webuye haziko mbali. Unapanda matatu ya Malaba pale sokoni, Malaba unashika ya Bungoma, Bungoma unashika nyingine, na ukidamka unafika kabla jua halijapata nguvu. Lakini Webuye nilikuwa naijua ya usiku tu, kupitia dirisha la basi la Nairobi, tena dirisha lililofungwa kwa sababu ya harufu ya kiwanda cha karatasi. Siku niliyoshuka pale kwa mara ya kwanza nilibeba daftari, futi ya fundi cherehani na kopo la Kimbo lililojaa askari wa udongo. Nilikuwa naenda kuiona ngome ya Chetambe.

Askari hao wana historia yao. Sisi watoto wa Kiteso tuliochunga tulifinyanga ng'ombe kando ya mto. Ng'ombe wangu wakaanza kufuatana na watu wenye mikuki. Mvua ikinyesha, vita vilihamia sakafuni kwa visoda, Fanta upande huu na Tusker upande ule. Baadaye nikaigundua Malaba: chumba nyuma ya duka, televisheni moja, PlayStation moja, na madereva wa malori waliochoka kungoja kwenye foleni ya forodha. Walilipia mechi za FIFA, foleni ikisogea wanatoka mbio, nasi tunarithi padi na dakika zilizobaki. Kisha kwenye saiba ya Busia nikakutana na Age of Empires, na usingizi ukaniaga. Mwaka 2015 mchezo huo uliongezewa falme za Afrika: Waberiberi, Wahabeshi, Wamali na, amini usiamini, Wareno. Nikasema basi, vita vya kwetu nitaviandika mwenyewe, viwe mchezo wa mezani.

Wazungu wanaocheza vita kwa sanamu ndogo wana vitabu na maduka yao. H. G. Wells, yule wa hadithi za mashine ya kusafiri katika wakati, alichapisha kanuni zake mwaka 1913 katika kitabu Little Wars. Watu wazima walitambaa sakafuni wakifyatuliana kwa vizinga vya springi. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikawakuta. Sanamu zao za kisasa, kama zile za Warhammer, ni ghali mno kwa mfuko wa Chakol, kwa hiyo mimi natumia udongo, na bendera nazikata kwenye majalada ya madaftari.

Kutoka Webuye mjini bodaboda ilinipandisha kilima kwa gia ya kwanza. Kijana aliyeiendesha hakuuliza naenda kufanya nini mpaka tulipofika juu. Chini yetu ulikuwa mji, mabomba ya Panpaper, kile kiwanda cha karatasi kilichofungwa 2009, na mto Nzoia. Juu kulikuwa na mashamba, na kati ya mashamba, handaki la ngome lililojaa nusu kwa udongo na nyasi. Nilikuwa nimeliwazia refu kama la kwenye kioo cha kompyuta.

Kisa cha ngome hii ni cha mwaka 1895. Wabukusu walikuwa wamewaua askari wa Kisudani waliotumwa kutoka Mumias, na Waingereza, afisa C. W. Hobley akiwa miongoni mwao, wakajibu kwa msafara wa Wasudani, Waganda na Wawanga. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Waliosalia walijikusanya hapa, katika ngome ya Chetambe, mzee wa Kitachoni, wakiwa na mikuki na bunduki chache mbele ya bunduki nyingi. Katika michezo ninayoijua, kila upande hupewa pointi sawa kabla dadu halijarushwa. Kilima hiki hakikupewa.

Nilipanga askari kadhaa kwenye ukingo wa handaki, nikalala kifudifudi, jicho langu likalingana na vichwa vyao. Ndivyo wachezaji hupima nani anamwona nani. Mezani mimi husimama juu ya wote kama tai. Nikiwa nimelala pale, sikuona ila nyasi na kipande cha mteremko. Anayepanda kutoka bondeni angeonekana akiwa tayari karibu.

"Kijana, umeanguka?"

Mzee mwenye shamba alikuwa amesimama na jembe begani. Niliinuka, nikamwamkia, nikajieleza. Alimwokota askari mmoja, akamgeuzageuza.

"Unatoka wapi?"

"Chakol, baba."

"Mteso?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi ninyi ndio mliotuchimbisha!"

Hakukosea. Zamani Wateso na Wabukusu walipigana sana, na ngome za aina hii zilijengwa kuzuia wavamizi, babu zangu wakiwemo, kabla Hobley hajajulikana huku. Nilikuja kumpima mtu wa handaki, kumbe mimi ni mjukuu wa mtu wa nje.

Alinitembeza, akanisimulia kuhusu Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyewakusanya watu hapa mwaka 1947 kuwakumbuka waliouawa. Masinde huyohuyo alikuwa ameichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Katika simulizi hii yote, yeye peke yake ndiye angefaa kwenye FIFA.

Kisha mzee akachungulia ndani ya kopo langu. "Na akina mama umewaweka wapi? Watoto? Ng'ombe?"

Hawakuwemo. Ngome ilikuwa kijiji chenye ukuta, na mimi nilileta wanaume tu wenye silaha, kama kila mchezo niliowahi kuushika. Ng'ombe ndio walionishangaza zaidi, maana ndio nilioanza nao.

Nikisubiri matatu ijae pale Webuye, niliandika kanuni upya. Upande wa Chetambe haushindi kwa kuua. Unahesabu waliotoka nje ya ukuta kabla haujavunjwa, watu na mifugo. Rafiki yangu wa Malaba, ambaye siku zote huchagua kuwa Hobley, aliisoma akakunja uso, kisha akauliza ndama ana thamani gani. Yeye anataka nusu pointi. Mimi nimegoma, ni pointi nzima, na mpaka leo hatujarusha dadu.